Fort Jesus, Mombasa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yamekusanywa kutoka kwa wageni wenyewe: familia za bara zilizoshuka pwani likizoni, walimu wanaoleta wanafunzi, na watu wa Mombasa ambao wamepita nje ya ngome hii miaka nenda miaka rudi bila kuingia. Mengine huulizwa mlangoni kabla tiketi haijakatwa. Mengine huulizwa kwa sauti ya chini, mgeni akishasimama ndani ya kuta.

## Kabla ya kwenda

Ngome iko wapi, na nafikaje?

Iko kisiwani Mombasa, ukingoni mwa Mji wa Kale, juu ya mwamba wa matumbawe unaotazama mlango wa Bandari ya Kale. Ukiwa katikati ya mji, fuata barabara ya Nkrumah uelekee baharini, upite Treasury Square, na kuta zitakutokea mbele. Dereva yeyote wa tuktuk au bodaboda anaijua. Mwambie "Fort" tu.

Ukija kwa treni ya SGR utashukia Miritini, ambako ni mbali na kisiwa kwa miguu, kwa hiyo utahitaji matatu au teksi hadi mjini. Ukitoka Diani au Ukunda utavuka na feri ya Likoni. Jipe muda wa ziada, kwa sababu foleni ya feri haina mwenyewe.

Inafunguliwa siku gani na saa ngapi?

Kila siku, pamoja na wikendi na sikukuu, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni. Saa nzuri ni mbili: asubuhi mlango unapofunguliwa tu, au kuanzia saa 10 alasiri. Jua la mchana likipiga kwenye yale mawe meupe, hata mwenyeji hutafuta kivuli.

Kiingilio ni pesa ngapi?

Kuna viwango tofauti kwa Wakenya, kwa raia wa nchi nyingine za Afrika Mashariki, kwa wageni wanaoishi nchini na kwa watalii, na watoto hulipa kidogo kuliko watu wazima. Viwango hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo vitazame kwenye tovuti ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya siku unayokwenda. Malipo hufanywa kwa njia ya eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo mtandaoni, si kwa noti mkononi. Beba kitambulisho, kwa maana bila hicho huwezi kudai kiwango cha mwananchi.

Nitenge muda gani?

Saa mbili kwa anayetaka kuelewa, nusu saa kwa anayetaka picha tu. Ombi langu ni saa mbili. Mtu anayetoka baada ya nusu saa hukumbuka mizinga na bahari, hajafika kwenye lile eneo la lipu lenye michoro ya askari (tazama "Nikiwa na muda mfupi, nisikose nini?").

Nichukue mwongozaji?

Ukiweza, ndiyo. Vibao vya maelezo vipo, lakini ngome hii imejengwa, ikabomolewa na kujengwa juu yake tena, na ni vigumu kwa jicho geni kutambua ukuta upi ni wa Mreno na upi ni wa Mwomani. Mwombe anayefanya kazi ndani ya makavazi na akuonyeshe kitambulisho chake cha kazi. Pataneni bei kabla hamjaanza kutembea. Anayekufuata tangu barabarani akikuambia malipo ni "hiari yako tu" mara nyingi hiari hiyo hubadilika mwishoni.

Nivae nini?

Ngome yenyewe haina sharti la mavazi. Lakini ukitoka mlangoni hatua chache tu uko Mji wa Kale, mtaa wa watu wanaoishi, wanaosali na wanaolea watoto pale, kwa hiyo jisitiri mabega na magoti. Vaa viatu visivyoteleza, kwani sakafu na ngazi za matumbawe zimelainishwa na nyayo za karne nyingi. Chukua maji na kofia.

Nina mzee anayetembea kwa mkongojo. Ataweza?

Ua wa kati ataufikia akisaidiwa kwenye mpando wa mlangoni, na kumbi za maonyesho za chini pia. Juu ya kuta na kwenye buruji, ile minara ya pembe za ngome, hupandwa kwa ngazi za mawe, na baadhi hazina pa kushika. Mwache akae kivulini uani. Upepo wa bahari unafika.

## Ngome yenyewe

Nani aliijenga, na lini?

Wareno, kati ya 1593 na 1596, kwa amri ya Mfalme Philip II wa Hispania, ambaye wakati huo alikuwa akiitawala Ureno pia. Ramani ilichorwa na Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, msanifu mkuu wa ngome za Wareno upande wa Bahari ya Hindi. Alifariki Goa, makao makuu ya Wareno kule India, mwaka 1596, na hii ikawa miongoni mwa kazi zake za mwisho.

Hayo ndiyo majina yaliyoandikwa. Waliokata matumbawe, waliochoma chokaa na kubeba mawe juani walikuwa mafundi walioletwa kutoka India pamoja na watu wa pwani hii, na majina yao hayamo kwenye kibao chochote. Ukigusa ukuta, umegusa kazi yao.

Kwa nini Wareno walihitaji ngome hapa?

Kwa sababu Mombasa haikuwataka. Vasco da Gama alipofika mwaka 1498 hakupokewa vyema, akaendelea hadi Malindi ambako alipata urafiki. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliuvamia mji, akaupora na kuuchoma. Ulijengwa upya, ukachomwa tena miongo michache baadaye. Kisha katika miaka ya 1580 Amir Ali Bey alikuja na merikebu za Waturuki, na miji ya pwani ikamkaribisha ili aisaidie kumtoa Mreno. Wareno wakamshinda mwaka 1589, mwaka uleule ambao Wazimba, wapiganaji waliotoka bara, walivuka na kuingia kisiwani. Baada ya hapo Wareno waliona kuwa merikebu peke yake hazitoshi kuushika mji huu. Wakamleta mtawala kutoka Malindi awe sultani wa Mombasa, nao wakajichimbia juu ya mwamba.

Mbona mizinga na buruji nyingine zinatazama mjini badala ya baharini?

Wachache huliuliza hili, nami hufurahi wakiliuliza. Ngome ina buruji nne: São Filipe, São Alberto, São Matias na São Mateus. Zile mbili za upande wa bara, São Filipe na São Alberto, zimekatwa pembe kwa namna ambayo anayeishambulia moja hupigwa ubavuni kutoka kwenye nyingine. Upande huohuo kuna handaki lililochongwa ndani ya mwamba. Aliyeichora alijua kuwa hatari haiji na merikebu tu. Wenye mji nao walikuwa wakiogopwa.

Ni kweli ina umbo la mtu?

Ukiitazama kutoka angani, ndiyo, inakaribia mtu aliyelala chali: kichwa, mikono na miguu. Wasanifu wa Ulaya wa zama zile waliamini kuwa vipimo bora kabisa vya jengo hupatikana katika mwili wa binadamu. Hiyo ni mojawapo ya sababu zilizoifanya UNESCO iiweke kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011.

Kwa nini inaitwa Jesus?

Wareno waliiita hivyo wenyewe, wakaipeperushia bendera ya Kikristo. Watu wa Mvita, jina la kale la Mombasa, wao walisema "Ngome" tu, au "Gereza" (tazama "Neno gereza limetoka hapa kweli?").

Imebadilisha mikono mara ngapi?

Waongozaji wengi husema mara tisa. Hesabu hutegemea unavyohesabu maasi na mapinduzi ya siku chache, lakini mkondo wenyewe ni huu. Wareno waliipoteza 1631 na kuirudia 1632. Waomani waliitwaa Desemba 1698. Wareno walirudi mwaka 1728 baada ya askari wa Kiafrika waliokuwa ndani kuwaasi wakubwa wao wa Kiomani, wakafukuzwa na watu wa Mombasa mwaka 1729, na hawakurudi tena.

Kisha wakaja Wamazrui. Walitumwa kama magavana wa Oman, lakini utawala ulipobadilika kule mwaka 1741 walikataa kuutii na wakaitawala Mombasa kwa jina lao kwa karibu miaka mia. Walipobanwa na Seyyid Said, sultani wa Oman, mwaka 1824 walipandisha bendera ya Uingereza kwa makubaliano na Kapteni William Owen. Luteni John Reitz aliyeachwa kama msimamizi alikufa kwa homa ndani ya miezi michache, na Port Reitz ya leo inabeba jina lake. Waingereza waliondoka 1826, na mwaka 1837 Seyyid Said akaishika ngome kabisa.

Mwaka 1875 Muhammad bin Abdallah, maarufu kama al-Akida, alimwasi Sultani Barghash wa Zanzibar akiwa ndani ya ngome, na manowari mbili za Uingereza zikaipiga mizinga hadi akasalimu amri. Kuanzia 1895 Waingereza waliigeuza jela. Hata hivyo bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar iliendelea kupepea juu yake hadi 1963, kwa kuwa ukanda wa pwani ulihesabiwa kuwa wake.

## Yale mazito

Nini kilitokea mwaka 1631?

Anza na mtoto. Sultani Hasan bin Ahmad aligombana na kamanda wa Wareno, na mwaka 1614 aliuawa kwa hila yao. Kichwa chake kikapelekwa Goa. Mwanawe Yusuf, bado mdogo, akapelekwa Goa hukohuko, akalelewa na mapadri wa Kiagustino, akabatizwa Dom Jerónimo Chingulia. Akiwa mtu mzima alirudishwa Mombasa awe sultani Mkristo chini ya ulezi wa ngome.

Alidharauliwa na kamanda mmoja baada ya mwingine. Ikasemekana ameonekana akisali kwenye kaburi la baba yake kwa dini ya baba yake, na kamanda Pedro Leitão de Gamboa akapanga kumrudisha Goa ahukumiwe. Tarehe 16 Agosti 1631 Yusuf aliingia ngomeni na watu wake, akamchoma kisu kamanda, na ngome ikawa yake. Siku zilizofuata Wareno na Waafrika waliobatizwa waliuawa, wanawake na watoto wakiwemo. Kanisa Katoliki huwakumbuka kama Mashahidi wa Mombasa.

Kikosi kilichokuja kutoka Goa mapema 1632 kilishindwa. Hata hivyo Yusuf alijua watarudi; akaondoka na merikebu, na umri wake uliobaki akauishi baharini.

Wageni huniuliza alikuwa shujaa au muuaji. Mimi huwaomba wasimame dakika moja uani, wawakumbuke wote wawili: mtoto aliyechukuliwa baada ya baba yake kukatwa kichwa, na watoto waliouawa humu kwa amri yake. Juu ya lango utaona maandishi ya jiwe ya Francisco de Seixas Cabreira, aliyefanywa kamanda mwaka 1635 akiwa na miaka 27, akijisifu kwa kuijenga upya ngome na kuitiisha pwani. Yasome baada ya kuijua habari ya Yusuf.

Mazingiwa makubwa yalikuwaje?

Waomani wa Imam Saif bin Sultan waliizingira ngome tarehe 13 Machi 1696, na iliangukia mikononi mwao tarehe 13 Desemba 1698. Ni miezi 33.

Picha iliyozoeleka ni ya Wareno wakipigana na Waarabu. Lakini wengi waliojifungia ndani walikuwa watu wa pwani hii, wanaume kwa wanawake na watoto, waliochagua upande huo kwa sababu zao za kisiasa. Mwaka 1697 maradhi yaliwafyeka kuliko risasi. Ilipofika mwisho wa Agosti Wareno wote walikuwa wamekufa, na aliyeshika amri alikuwa Bwana Daud wa Faza, pamoja na jamaa zake, wanaume wachache wa Kiafrika na wanawake takriban 50. Hao ndio walioulinda ukuta hadi merikebu za msaada zilipofika Septemba. Wanawake wale hawana hata jina moja lililobaki.

Walinzi wapya walioletwa nao waliugua na kupungua, hadi wakabaki wachache mno. Waomani walipanda kuta usiku. Siku chache baadaye merikebu nyingine za msaada zilitokea baharini, zikaona bendera ya Oman juu ya ngome, zikageuka.

Je, watumwa walifungiwa humu?

Ngome haikujengwa kama ghala la watumwa. Ilikuwa kambi ya askari na makao ya watawala. Lakini waliokuwa wakiitawala, Wareno na Waomani na Wamazrui, wote walimiliki watumwa na kunufaika na biashara hiyo, na bandari iliyo chini yake iliwapitisha. Njia inayoteremka baharini kupitia mwambani, yenye matao, mara nyingi huonyeshwa kwa wageni kama "njia ya watumwa". Ilichongwa ili watu na vyakula viingie kutoka kwenye mashua bila kupita mjini.

Kama unafuata historia ya utumwa Mombasa, vuka daraja la Nyali hadi Kisauni, kwenye kengele ya Freretown, mji uliojengwa miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Na kumbuka utumwa haukufutwa rasmi pwani ya Kenya hadi 1907, miaka 12 baada ya Waingereza kuichukua.

Ilikuwa jela kwa muda gani?

Kuanzia 1895 hadi 1958, miaka 63. Ni muda mrefu, lakini ndicho kipindi kilichoacha alama chache za kuonekana, kwa sababu majengo mengi ya jela yaliondolewa. Kwa msaada wa fedha wa Wakfu wa Calouste Gulbenkian, na chini ya mwanaakiolojia James Kirkman, vifusi vilifukuliwa, kuta za kale zikaachwa wazi, na makavazi yakafunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hasara yake ni kwamba Mreno wa karne ya 17 ana ukumbi, na mfungwa wa mwaka 1930 hana. Kama babu yako alifungwa hapa, waambie wahudumu. Habari za namna hiyo ziko vinywani mwa watu kuliko kwenye kabati za kioo.

Neno "gereza" limetoka hapa kweli?

Limetoka kwa Wareno, na ngome kama hii ndiyo iliyolipa maana. Kwa Kireno, *igreja* ni kanisa. Ndani ya ngome zao palikuwa na kanisa, na watu wa pwani wakaliita jengo lote gereza. Ngome ya Kilwa Kisiwani hadi leo huitwa Gereza. Baadaye ngome zikageuzwa jela, na jina likafuata kazi mpya. Misingi ya kanisa lenyewe utaiona uani.

Neno hili limesafiri na bendera, meza, leso na mvinyo, yote kutoka kwa Wareno. Lakini hili ndilo pekee ambalo ukilitamka ukiwa uani, linakupitisha kutoka altareni hadi kwenye pingu.

## Vitu vya kuangalia

Nikiwa na muda mfupi, nisikose nini?

Kwanza, lipu yenye michoro ya askari wa Kireno: merikebu, makanisa, watu, samaki, imechorwa na vijana waliochoka kusubiri kitu kisichokuja. Hakuna kitu ndani ya ngome kinachomleta Mreno karibu kama hicho. Pale si mshindi tena, ni mtu aliye mbali na kwao.

Pili, Nyumba ya Waomani juu ya buruji ya São Filipe. Tatu, vyombo vilivyookolewa kutoka *Santo António de Tanná*, merikebu iliyokuja kuisaidia ngome wakati wa mazingiwa ikazama mbele yake mwaka 1697. Vyombo vya udongo kutoka miji ya kale ya Gedi, Manda na Ungwana vinahitaji utulivu, nenda navyo polepole.

Watoto hukimbilia mifupa ya nyangumi. Waache.

Mizinga miwili mikubwa iliyo nje ni ya Wareno?

Hapana, ni ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Mmoja ni wa manowari ya Uingereza *Pegasus*, iliyozamishwa Zanzibar mwezi Septemba 1914. Mwingine ni wa *Königsberg*, manowari ya Kijerumani iliyoizamisha, ambayo nayo iliangamizwa katika delta ya Rufiji mwaka 1915. Wajerumani waliing'oa mizinga yake na kupigana nayo nchi kavu. Leo iko pamoja kando ya ngome.

## Hali za pembeni

Naweza kupiga picha? Na droni?

Picha zako za kawaida hazina tatizo. Kazi ya kibiashara, kama video ya muziki au picha za harusi, huombewa kibali kwa ofisi ya makavazi mapema. Droni zinasimamiwa na sheria za anga za Kenya. Usirushe bila kibali. Ukitoka kuingia Mji wa Kale, omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, hasa akina mama.

Nitafanya ziara Ramadhani. Kuna shida?

Ngome hufunguliwa. Usile wala kunywa hadharani mitaani mchana, na ukikaa hadi magharibi utakuta viazi karai, kaimati na mahamri vikitolewa vikiwa moto.

Naleta wanafunzi. Niwaandae vipi?

Wape swali moja kila mmoja kabla hawajapanda basi: nani alijenga, nani alifungwa, nani alipika, nani alilia. Kwa watoto wadogo, habari ya 1631 isimulie kwa kifupi. Usiwaache wapande kingo za kuta. Baadhi hazina uzio, na chini ni mwamba.

Naweza kuchora jina langu ukutani kama askari walivyofanya?

Hapana. Ni kosa kisheria, na matumbawe hayaponi.

Nimeokota kigae cha kale ufukweni chini ya ngome. Nikiweke?

Kirudishe au ukabidhi makavazi, ukieleza ulipokikuta. Vitu vya kale vinalindwa na sheria hata vikiwa vipande. Mawimbi yamekuwa yakila mwamba wa upande huo, ndiyo maana umejengwa ukuta wa kuyazuia, na vigae hivyo huwa vimetoka kwenye tabaka ambalo wanaakiolojia bado wangependa kulisoma.

Naweza kupiga mbizi kwenye merikebu iliyozama?

Hapana. Wapiga mbizi waliigundua miaka ya 1960, ikachimbuliwa na kupimwa kati ya 1977 na 1980, kisha mbao zake zikaachwa chini na kufunikwa ili zisioze. Panda juu ya ukuta wa upande wa bahari maji yakiwa yamekupwa, mwambie mwongozaji akuelekeze kidole. Iko pale chini, karibu kuliko unavyodhani.